Kuvua Trauti kwa Nzi Bandia Ziwani Wakati wa Mapukutiko

Katika uvuvi mwingi unaojulikana na wanachama wa vyama vya msingi, samaki huvutwa kwa nuru ya taa, au kwa harufu ya chambo, au huzuiwa kwa wavu. Uko uvuvi mmoja ambao hautumii hata kimoja kati ya hivyo. Mvuvi huchukua ndoana ndogo, akaizungushia uzi, akaifungia manyoya ya ndege au ya sungura, hata ndoana ile ikafanana na mdudu au na samaki mchanga. Huirusha majini kwa ufito mwembamba, na samaki mwenye macho makali, asiyedanganyika kwa urahisi, huifuata akaidaka. Ndoana iliyovikwa namna hiyo huitwa nzi bandia, ingawa mara nyingi hafanani na nzi hata kidogo.

Uvuvi huo umekomaa Uingereza na Uskoti, na samaki wake mkuu ni trauti. Huenda katibu wa chama cha wavuvi akauliza jambo hilo linahusu nini daftari lake la mizani. Linahusu kwa njia mbili. Kwanza, trauti si mgeni tena Afrika Mashariki: mwaka 1905 Ewart Grogan alileta Kenya mayai ya trauti wa kahawia wa jamii ya Loch Leven, Uskoti, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua walifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1948 kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti kikaanzishwa Kiganjo. Hadi leo wako trauti katika maziwa ya juu ya Mlima Kenya, kama vile Alice na Rutundu. Pili, wavuvi wa nzi bandia wana desturi ya kuandika mavuo ambayo vyama vingi vya wavuvi havijaifikia, na desturi hiyo itaelezwa mahali pake.

Yafaa kwanza yaeleweke majira yenyewe. Katika nchi za kaskazini, kati ya mwisho wa Agosti na Novemba, siku hufupika, usiku huwa wa baridi, na majani ya miti hugeuka rangi yakapukutika. Majira hayo hapa yataitwa mapukutiko. Wengine huyaita vuli, lakini neno hilo kwa watu wa pwani yetu ni la mvua za Oktoba hadi Desemba, nalo laweza kumpoteza msomaji.

Wakati wa kiangazi cha huko, jua hupasha maji ya juu ya ziwa, na maji ya moto kwa kuwa ni mepesi hukaa juu ya maji baridi kama mafuta juu ya supu. Katika ziwa lenye kina, matabaka hayo mawili hayachanganyiki kwa miezi kadhaa. Tabaka la chini hukosa hewa polepole, kwa sababu uozo wa chini huitumia na hakuna hewa mpya inayoshuka. Trauti ni samaki wa maji baridi: hupenda maji ya digrii 10 hadi 16 za sentigredi hivi, na yakipita 20 huanza kutaabika. Kwa hiyo wakati wa joto kali hubanwa katikati, juu pana joto na chini hapana hewa, naye hula kidogo, tena alfajiri na magharibi tu.

Mapukutiko yakifika, maji ya juu hupoa. Maji huwa mazito kadiri yanavyopoa mpaka kufika digrii 4, kwa hiyo yaliyopoa huzama, ya chini hupanda, na upepo wa majira hayo huyakoroga yote. Ziwa zima hupata hewa upya. Wavuvi wa maziwa yetu wanalijua jambo hilo kwa jina jingine, maana Ziwa Viktoria nalo hujikoroga katika miezi ya Juni hadi Agosti wakati wa upepo wa kusi, na katika Ziwa Tanganyika upepo huohuo huyainua maji ya chini upande wa kusini. Tofauti ni kwamba kwetu upepo ndio mkuu, ilhali kaskazini baridi na upepo hushirikiana. Isitoshe, si kila ziwa la huko hugawanyika matabaka. Loch Leven lenye eneo la kilometa za mraba 13 hivi lina wastani wa kina usiofika mita 4, na upepo hulikoroga mwaka mzima.

Baada ya maji kupoa, trauti hurudi kandokando. Sasa ana njaa, maana majira ya baridi yanakuja na chakula kitapungua. Huyu ndiye samaki anayetafutwa na mvuvi wa mapukutiko, na kosa la kwanza la mgeni ni kumtafuta mbali. Mgeni huvaa viatu vyake virefu vya mpira, akaingia majini mpaka kiunoni, akarusha mshipi mita 25 mbele yake, na kumbe samaki walikuwa pale alipokanyaga. Mzoefu hubaki nchi kavu kwanza. Hurusha mara tano au sita sambamba na ukingo, karibu na magugu, ndipo aingie majini ikiwa hakupata kitu.

Hapa hapana budi kueleza jinsi mshipi unavyorushwa, kwa sababu ndiyo sehemu inayowashangaza wavuvi wa ndoana za kawaida. Mvuvi wa kawaida hufunga chubwi, na uzito wa chubwi huvuta mshipi. Nzi bandia hana uzito wowote. Kwa hiyo uzito huwekwa katika mshipi wenyewe, ambao ni mnene na huchongoka kuelekea mwisho. Ufito wenye urefu wa mita 3 hivi huvutwa nyuma kwa nguvu, mshipi ukaruka nyuma ya mvuvi, naye hungoja kitambo mpaka unyooke hewani. Ndipo ausukume mbele, na ufito uliopindika kama upinde huutupa. Asiyengoja husikia mlio kama wa kiboko, na anapotazama nzi wake hayupo. Baina ya mshipi huo na nzi hufungwa ugwe mwembamba wa nailoni wa mita 4 au 5, ili samaki asiuone mshipi mnene.

Iko mishipi ya kuelea na iko ya kuzama, nayo huchaguliwa kwa kufuata mahali samaki alipo. Anayetumia wa kuzama huhesabu. Baada ya kurusha huhesabu moja hadi kumi, ndipo aanze kuuvuta kwa mkono wa kushoto. Akikosa, safari ya pili huhesabu hadi kumi na tano, kisha ishirini. Siku samaki akishika kwenye hesabu ya ishirini, basi hesabu ni ishirini mpaka hali ibadilike. Hii ni njia nyepesi ya kupima kina bila kamba ya kupimia, na wavuvi wengi wenye zana za bei kubwa huidharau bila sababu.

Waswahili husema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na katika uvuvi huu kujua samaki alipo ni kujua anakula nini. Chakula cha trauti wa ziwani kwa sehemu kubwa ya mwaka ni usubi wa majini. Wakazi wa Ziwa Viktoria wanawafahamu vizuri wadudu hao: ndio wale wanaoinuka ziwani kama moshi, wakaingia majumbani na machoni. Jamaa zao wa Ziwa Nyasa huitwa kungu, nao hukusanywa na kukandwa kuwa kitoweo. Kabla ya kuruka, mdudu huyo huishi matopeni akiwa buu, kisha hupanda juu polepole ili avue ngozi yake. Trauti humdaka akiwa njiani. Nzi bandia wa kumwiga ni mdogo, mweusi au wa rangi ya damu, na huvutwa polepole mno, kiasi kwamba mtazamaji hudhani mvuvi amelala. Usubi huo huendelea kutoka mpaka Oktoba, hasa saa za mchana.

Mapukutiko huongeza vyakula vitatu. Cha kwanza ni mdudu wa nyasi mwenye miguu mirefu, anayefanana na mbu aliyekuzwa mara kumi. Hutoka malishoni mwezi wa Agosti na Septemba, haruki vizuri, na upepo humsukuma ziwani. Nzi bandia wake hufungwa miguu ya nyuzi zenye mafundo na huachwa aelee tu. Trauti akimpanda, mvuvi hatakiwi kuvuta mara moja, kwa maana samaki mara nyingi humzamisha mdudu kwanza kwa mkia au humshika taratibu. Hungoja mpaka mshipi wenyewe uanze kwenda. Kungoja huko kwa nukta mbili tatu ni kugumu kuliko kurusha, na samaki wengi hupotea hapo.

Cha pili ni mdudu mdogo wa majini ambaye huogelea kwa miguu miwili kama makasia. Kiangazi hujificha katika magugu. Magugu yanapokufa hubaki bila kificho. Huyu huigwa kwa nzi mfupi wa kahawia mwenye tumbo jeupe, naye huvutwa kwa mikupuo mifupimifupi.

Cha tatu ndicho kikubwa. Vifaranga vya samaki wa aina ya rochi na pachi, waliototolewa kabla ya kiangazi, sasa wamefikia urefu wa kidole, na magugu yaliyowahifadhi yanaanguka. Hujikusanya makundi makundi kwenye gati za mashua, kwenye kuta za mabwawa na kandokando ya magugu yaliyosalia. Trauti wakubwa, ambao tangu kiangazi walikuwa hawaonekani, huja kuwinda hapo. Uso wa maji huwa shwari, kisha ghafla hupasuka, vifaranga huruka hewani kama mchanga uliotupwa, na kukawa kimya tena. Wageni hukimbilia kurusha nzi na kumvuta kwa kasi. Mara nyingi si hivyo. Trauti hupita katikati ya kundi kwa nguvu, akawapiga wengine mpaka wakazirai au wakafa, kisha hurudi kuwaokota mmoja mmoja. Kwa sababu hiyo nzi bora ni yule mweupe anayeelea ubavu kama samaki aliyekufa, na kazi ya mvuvi ni kumtupa pale palipopasuka na kutulia. Hapo ugwe wa nailoni huwa mnene zaidi, wa kuvumilia uzito wa kilo 3 au 4, maana trauti wa namna hiyo akikimbilia magugu hakuna mazungumzo.

Uvuvi wa mashua una taratibu yake, na Loch Leven ni mojawapo ya mahali palipousifisha. Mashua haifungwi nanga. Huachwa iende na upepo ikiwa imeupa ubavu, na wavuvi wawili huketi wakitazama upepo unakokwenda. Upepo ukiwa mkali, kitambaa kipana mfano wa mwavuli hutiwa majini upande wa nyuma ili kuipunguza mwendo. Kila mvuvi hufunga nzi watatu katika ugwe mmoja, akarusha karibu, kisha huinua ufito taratibu mpaka nzi wa juu ateleze usoni pa maji kama mdudu anayetaka kuruka. Trauti wa ziwani wenye kula karibu na uso wa maji hupenda kwenda dhidi ya upepo, kwa hiyo mashua na samaki hukutana. Mashua ikifika mwisho hurudishwa kwa kuzunguka mbali, si kwa kupita katikati ya njia ileile, na anayevunja kanuni hiyo huchukiwa na mashua zote.

Mbali na maziwa ya asili, sehemu kubwa ya uvuvi huu katika England imo katika mabwawa ya maji ya kunywa: Blagdon, lililofunguliwa kwa wavuvi mwaka 1904, Chew Valley mwaka 1957, Grafham mwaka 1966 na Rutland mwaka 1977. Huko samaki hutiwa kila mwaka kutoka vituo vya kuzalisha, na aliye wengi ni trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Trauti huyo ni nadra kuzaa katika maji ya Uingereza. Anayevuliwa asiporudishiwa badala yake, ziwa linabaki na pengo.

Trauti wa kahawia ni mwenyeji, na kwake mapukutiko ni majira ya uzazi. Dume hugeuka rangi, taya lake la chini hujikunja kama kulabu. Jike hujaa mayai, kiasi cha 1,500 hadi 2,000 kwa kila kilo ya uzito wake. Wote hukusanyika penye vinywa vya vijito wakingoja maji ya mvua ili wapande kwenye changarawe, ambako jike huchimba kitanda kwa mkia na kutaga. Basi samaki mwenye thamani kubwa kuliko wote ziwani anakuwa na njaa, yuko karibu na ukingo, tena pamoja na wenzake. Hakuna wakati mwingine wa mwaka ambapo ni rahisi hivyo kumharibia mwenzako mavuno ya miaka ijayo.

Kwa hiyo Uskoti ina sheria kwamba trauti wa kahawia asivuliwe tangu tarehe 7 Oktoba hadi tarehe 14 Machi. Mvuvi aliyekosa samaki mwaka mzima hapewi hata siku moja ya nyongeza. Mahali pengine wavuvi wanaoendelea kuvua trauti wa upinde wa mvua hutakiwa kumrudisha wa kahawia akiwa hai, na kurudisha huko kuna ufundi wake: mikono hulowanishwa kwanza, ndoana isiyo na kijino hutolewa samaki akiwa bado majini, tumbo halibanwi, naye hushikwa akielekea upepo mpaka aondoke kwa nguvu zake. Samaki aliyetupwa kwa kishindo kutoka kwenye mashua hakurudishwa. Amefichwa tu afie chini. Wanachama walio kando ya Ziwa Tanganyika hawahitaji kuelezwa uzito wa kufungiwa ziwa, kwa kuwa upande wa Tanzania lilifungwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, 2024, nao walivua riziki, si mchezo. Anayevua kwa burudani hupoteza jioni zake. Anayevua kwa kuuza hupoteza ada za shule. Ni haki tofauti hiyo itajwe kila mara mifano ya Uingereza inapoletwa.

Sasa ndipo lilipo lile jambo la daftari. Mvuvi anapokata kibali cha siku katika bwawa au ziwa linalosimamiwa vizuri, hupewa kadi. Jioni kabla ya kuondoka huandika aina ya samaki aliopata, idadi yao, uzito wao, na mara nyingine nzi aliyemtumia na mahali alipovulia. Aliyerudi mikono mitupu naye huandika: sufuri. Wengi huona kuandika sufuri ni fedheha, au ni kupoteza wino. Lakini kadi ya sufuri ndiyo inayolinda ziwa, na hesabu yake ni hii.

Chukulia kwamba Jumamosi moja walivua watu 20. Kumi na wawili walipata samaki 36, wanane hawakupata kitu. Jumamosi iliyofuata walikuwa 20 vilevile. Wanane walipata samaki 24, kumi na wawili hawakupata. Ikiwa wanaandika waliopata tu, daftari litaonyesha wastani wa samaki 3 kwa mtu katika Jumamosi zote mbili, na msimamizi atalala usingizi. Sufuri zikiandikwa, wastani wa kwanza ni 1.8 na wa pili ni 1.2. Samaki wamepungua kwa theluthi moja katika juma moja, na daftari la kwanza halikuona.

Katika vyama vya wavuvi wa kuuza kosa hilo hutokea bila mtu kukusudia. Mtumbwi uliorudi mtupu haupiti mizanini. Karani wa mizani huandika kilo zilizoletwa mbele yake, na mwisho wa mwezi katibu hujumlisha kilo hizo, akazigawa kwa mitumbwi iliyopima. Hesabu ni safi, sahihi ziko, mkaguzi haoni fedha iliyopotea. Lakini mitumbwi kumi iliyotumia petroli usiku kucha na kurudi bila samaki haimo katika kitabu, wala hasara yake haimo. Chama huweza kuomba mkopo wa injini mpya kwa wastani ambao hauko ziwani. Dawa yake si ghali: safu moja katika daftari la ufukoni, inayoandikwa na yule anayehesabu mitumbwi inapotoka jioni, yenye namba ya mtumbwi, saa ya kutoka, saa ya kurudi, na kilo, hata zikiwa sufuri. Ikiwa karani mmoja hawezi kufanya kazi zote mbili, mjumbe wa kamati aliye zamu anaweza kuandika, mradi kitabu kibaki ofisini na kisiende nyumbani kwa mtu.

Katika milima ya Kenya kalenda ya mapukutiko haina nafasi, kwa sababu penye ikweta siku hazifupiki. Mvuvi wa ziwa Alice au Rutundu hufuata mvua, ukungu na ubaridi wa saa. Yaliyobaki ni yaleyale: atafute kwanza kandokando, atazame samaki anakula nini, na ahesabu mshipi unapozama.

Huko Loch Leven mashua za mwisho huvutwa nchi kavu baada ya tarehe 6 Oktoba. Mavuo ya ziwa hilo yameandikwa tangu karne ya 19, na vitabu hivyo ndivyo vilivyowawezesha wataalamu kufuatilia jinsi trauti walivyoathirika ziwa lilipochafuliwa kwa mbolea na maji machafu, mpaka tarehe 13 Juni, 1992 uso wake ukafunikwa na utando wa kijani wa mwani ulioonekana na kila mtu. Kazi ya kupunguza uchafu iliendelea kwa miaka mingi, na kadi za wavuvi, pamoja na zile za sufuri, ziliendelea kukusanywa.